Msiifunge Nyumba ya Mzazi kwa Kufuli

Nyumba ikifungwa kwa kufuli baada ya mazishi, mchwa na panya huanza kazi wiki hiyo hiyo. Tembea hapa Kirinyaga kutoka Kerugoya kwenda Kagumo, au ushuke kuelekea Kutus, utaziona: mapazia yamefifia, mabati yameshika kutu, na ndani yamebaki makochi, kabati la vyombo, cherehani na redio ambavyo watoto hawakukubaliana viende wapi. Familia nyingine hufanya kinyume. Jioni ya siku ya maziko kila mtu hubeba alichokifikia, kisha ndugu hukaa miaka bila kusemezana kwa sababu ya televisheni na sufuria mbili.

Kuna njia bora, na ndiyo ninayokusihi uifuate wewe uliyekabidhiwa kazi hii na ndugu zako: kuuza vitu vya mzazi hadharani, uani kwake, kwa idhini ya sheria, kwa orodha iliyoandikwa, baada ya familia kuchagua vyake. Fedha zake huwa kidogo. Faida iko kwingine: kila kitu kilichomtumikia marehemu kinapata mtu wa kukitumia, na jirani aliyemzika anapata nafasi ya kubaki na kitu cha rafiki yake bila kukiomba.

Karatasi kabla ya kabati

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inakataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka. Kifungu cha 45 kinaweka faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na aliyeuza atadaiwa na msimamizi halali alichokiuza. Wengi hudhani katazo hili ni la mashamba. Linahusu mali yote, hata ng'ombe, pikipiki na tenki la maji.

Basi anza kwa chifu. Barua yake kwa korti hutaja warithi wote wa marehemu, na hapa ndipo familia nyingi za Mlima Kenya hujikwaa, kwa kuwaacha mabinti. Binti aliyeolewa Mwea au Embu ni mrithi sawasawa na kaka aliyebaki nyumbani. Kifungu cha 38 kinasema watoto wagawiwe sawa pale ambapo mke au mume wa marehemu hayupo. Mahakama ya Rufani ilisimama upande wa mabinti katika kesi ya mirathi ya familia ya Rono mwaka 2005. Na Katiba ya 2010, Ibara ya 27, ikafunga mjadala. Hati iliyopatikana kwa kumficha mrithi inaweza kufutwa chini ya kifungu cha 76 hata baada ya miaka mingi, na wakati huo cherehani imeshauzwa na fedha zimeshaliwa. Waiteni dada zenu siku ya kwanza. Aliye Marekani au Ghuba naye aandikwe, atie sahihi.

Ukiwa na barua ya chifu na cheti cha kifo, nenda mahakamani. Kerugoya ina Mahakama Kuu na mahakama ya hakimu. Baricho na Wang'uru pia zina mahakama. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza mirathi ya thamani ya hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo familia nyingi hazina haja ya kupanda zaidi ya hapo. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, watu hupewa siku 30 za kupinga, kisha msimamizi, au wasimamizi wasiozidi wanne, hupewa hati ya usimamizi. Hati hiyo mkononi, kifungu cha 82 kinawaruhusu kuuza vitu vinavyohamishika. Ardhi haiuzwi mpaka hati ithibitishwe na korti, jambo ambalo kwa kawaida huombwa baada ya miezi sita. Kugawana nako hungoja uthibitisho huo. Kwa ufupi: uza vitu, weka fedha benki, gawanyeni korti ikishathibitisha.

Kuna mambo yasiyongoja. Ng'ombe wa maziwa hawezi kusubiri Gazeti Rasmi, wala kahawa iliyoiva mwezi wa Novemba. Kwa ajili hiyo korti inaweza kutoa hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali. Iombeni mapema.

Sasa swali ambalo watu huona haya kuliuliza: vyombo vya nyumbani ni vya nani? Kama mzazi mmoja yu hai, jibu ni fupi. Kifungu cha 35 kinampa mjane au mgane vitu vyote vya matumizi ya nyumbani moja kwa moja: nguo, samani, picha, vyombo, hata chakula kilichomo ghalani. Watoto hawana mamlaka ya kuuza kochi la mama yao kwa sababu baba amefariki, hata kama walilinunua kwa mchango na wakamkabidhi. Gari halimo katika fungu hilo, wala vifaa vya kazi au biashara ya marehemu. Na kama baba alikuwa na wake wawili au zaidi, kifungu cha 40 kinapeleka vitu vya nyumbani pamoja na mali nyingine kwa kila nyumba kulingana na idadi ya watoto, huku kila mke aliye hai akihesabiwa kama mmoja zaidi. Usipange siku ya kuuza kabla ya kulipata jibu la swali hili.

Kama marehemu aliacha wosia wa maandishi, fuateni wosia. Neno alilosema kitandani lina uzito wake pia. Kwetu maneno ya mzazi anayekufa huogopwa, na mtu aliyeachiwa kĩrumi, yaani laana ya mzazi, kuhusu kitu fulani hatakubali kiuzwe kwa bei yoyote. Sheria nayo inautambua wosia wa mdomo, ikiwa ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na aliyeutamka akafariki ndani ya miezi mitatu. Waulizeni waliomuuguza alisema nini, nani alikuwepo, na lini. Yaandikeni majibu.

Upekuzi wa polepole

Tengeni siku mbili au tatu za kupekua kabla hamjahamisha hata stuli. Wazee wetu hawakuweka karatasi mahali pamoja. Tafuteni katika sanduku la chuma chini ya kitanda, kopo la Kasuku juu ya kabati, mfuko wa ndani wa koti la kanisani, kati ya kurasa za Biblia, chini ya godoro, nyuma ya fremu ya picha. Mnatafuta hatimiliki, stakabadhi za chama cha ushirika cha kahawa, nambari ya mkulima wa chai, vitabu vya Sacco, na hati za kampuni za kununua mashamba ambazo watu walichangia baada ya uhuru. Kama mzee alilima mpunga Mwea, leseni yake ya shamba ni karatasi ya kulindwa kama hatimiliki.

Tafuteni na karatasi za hisa. KenGen ilipouza hisa kwa umma mwaka 2006, na Safaricom mwaka 2008, wakulima wengi wa kawaida walinunua kisha wakasahau. Gawio lisilodaiwa kwa muda mrefu huhamishiwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na warithi wenye hati wanaweza kulidai huko. Malipo ya kahawa na bonasi ya chai nayo huja miezi mingi baada ya mkulima kuzikwa. Simu ya marehemu msiitumie kutoa fedha za M-Pesa, hata kama mnaijua nambari yake ya siri. Fedha hizo ni mali ya mirathi, zidaiwe kwa hati.

Kwa wazazi na mababu walioishi miaka ya 1950 kuna karatasi nyingine, na ningeomba mzishike kwa mikono miwili: kipande (kitambulisho cha kikoloni), pasi za kutembea, karatasi za kizuizini, barua zilizotumwa kutoka kambini. Kirinyaga ilionja Hali ya Hatari ya kikoloni kwa uchungu. Mifereji ya kwanza ya mpunga wa Mwea, kuanzia mwaka 1954, ilichimbwa kwa mikono ya wafungwa wa kambi. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati huo, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa, na kilichobaki kuhusu maisha yao ni vikaratasi kama hivi. Visiuzwe. Pigeni picha kila ukurasa, kila mtoto apate nakala, kisha zungumzeni na Makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u au na Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, ambako mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, umehifadhiwa hadi leo. Zifanyieni vivyo hivyo picha za studio, zile za baba amesimama wima mbele ya pazia lililochorwa maua. Waiteni wazee waliobaki wawataje waliomo kabla majina hayajapotea.

Visivyokuwa vyake

Kuchanganya vitu vya watu na vya marehemu kumeharibu mauzo mengi kuliko bei. Nyumba ya mama wa Kirinyaga imejaa vitu vya watu. Sufuria kubwa tatu na sahani mia moja za chama ziko stoo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akivitunza. Viti vya plastiki ni vya kikundi cha mazishi. Mtamba zizini ni wa jirani, walikubaliana kugawana ndama. Televisheni ilinunuliwa na kitindamimba. Na huenda kuna dada ambaye hakuolewa, au aliyerudi nyumbani kumuuguza mama, ambaye kitanda, kabati na kuku wake vimechanganyika na vya marehemu kwa miaka mingi.

Mwiteni katibu wa chama aje na daftari lake. Waiteni majirani. Vya watu vitengwe kwanza, vitolewe uani, vichukuliwe na wenyewe mbele ya mashahidi. Kisha vya huyo dada vitengwe kwa heshima, bila kumdai risiti za kila kijiko. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka usiku. Naona ni aibu kubwa familia inapomtoa mtu kama huyo ndani ya nyumba na mfuko mmoja wa nguo.

Wakati huo huo ulizeni madeni. Mama anaweza kuwa alimdhamini mtu kwenye Sacco, au alikuwa amepokea fedha za chama na zamu yake ya kulipa haijaisha. Gharama za mazishi na madeni hulipwa kabla ya warithi kugusa chochote. Na sare ya Mothers' Union au ya Woman's Guild msiipeleke popote kabla ya kuwauliza wenzake wa kanisani.

Ndugu kwanza

Baada ya hapo andikeni orodha ya kila kitu kilichobaki, chumba kwa chumba, kila kitu na nambari yake. Wapeni wajukuu kazi hii. Wana simu, wanajua kupiga picha, na watajifunza kuhusu babu na nyanya yao mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwaambia. Orodha ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, aliye Boston ataiona sawasawa na aliye Kianyaga.

Kuna vitu visivyopewa bei kabisa. Kiti cha mzee cha miguu mitatu, fimbo yake, kiondo ambacho mama alisuka kwa mikono yake, kibuyu cha uji, Biblia yenye tarehe za kuzaliwa za watoto. Hivi visiingie katika mauzo hata mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Nairobi akiweka noti mezani. Kaeni mkubaliane nani atavitunza, na aliyepewa ajue anavitunza kwa niaba ya wote.

Kwa vilivyobaki, chagueni kwa zamu. Mzunguko wa kwanza uanze na kifunguamimba, wa pili uanze na kitindamimba, na hivyo hivyo mpaka kila mmoja aseme ametosheka. Vitu vyenye bei kubwa, kama jokofu au mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, vikadiriwe thamani kabla, na vihesabiwe katika fungu la aliyevichagua siku ya kugawana. Wakwe wakae kando mpaka watoto wa damu wamalize. Wifi mwenye hekima hili halimkasirishi. Wawili wakitaka kitu kimoja na hakuna anayelegea, pigeni kura ya vikaratasi mara moja, muendelee.

Na onyo kwa wasimamizi wenyewe. Sheria inasema msimamizi akinunua mali ya mirathi, mrithi yeyote anaweza kuomba ununuzi huo ubatilishwe. Kama wewe ni msimamizi na unaitaka pikipiki ya baba, pata sahihi ya kila mrithi juu ya karatasi yenye bei, au iache iende.

Siku ya kuuza

Chagueni siku kwa kufuata kalenda ya mlima. Aprili na Mei njia za Inoi na Mutira ni tope, hakuna pikapu itakayofika mlangoni. Januari kila mzazi ana karo ya shule kichwani. Julai ni baridi na manyunyu. Wakati mzuri ni Februari, au ile wiki ya Oktoba baada ya bonasi ya chai kuingia na kabla mvua za vuli hazijashika. Jumamosi ni nzuri kwa wengi, lakini ulizeni kwanza kama hakuna mazishi kijijini siku hiyo. Kama yapo, ahirisheni.

Mwambieni chifu na wazee wa Nyumba Kumi, tangazeni kanisani na barazani, na mseme waziwazi kwamba familia inauza yenyewe kwa hiari. Msiposema, watu watadhani kuna deni la benki, na wengine hawatakuja kwa kuwaonea huruma. Mnada wa kupandisha bei uacheni kwa madalali wenye leseni. Ninyi bandikeni bei kwenye kila kitu. Bei zipateni kwa kuuliza: fundi wa samani Kutus atawaambia kabati la mvule lina thamani gani leo, na wauzaji wa vitu kuukuu Karatina wanajua bei ya redio na baiskeli. Kwa kila kitu andikeni pia bei ya chini ambayo muuzaji hatashuka chini yake, katika daftari ambalo mnunuzi halioni. Watu watapatana, ndiyo desturi, na mpatane nao kwa uso mkunjufu.

Chini ya bei, kwenye kibandiko hicho hicho, andikeni sentensi moja ya kweli kuhusu kitu chenyewe: cherehani hii ilishona sare za watoto wa shule ya msingi hapa jirani, jembe hili la uma lilichimba mashimo ya kahawa ya shamba la juu. Mtu anaponunua kitu akijua kazi kiliyoifanya, hukitunza kwa namna nyingine. Wajukuu waandike, wakubwa wasahihishe.

Mlango ufunguliwe kwa majirani kwanza. Saa za asubuhi mpaka saa nne ziwe zao, za wanachama wenzake, na za kijana aliyekuwa akimchumia chai na kumkamulia ng'ombe. Wafanyabiashara wa Kagio na Karatina wanaonunua kwa jumla waje baada ya hapo. Wameshazoea kungoja, na bado watapata. Kijana wa kazi za shamba mpeni panga, pampu ya kupulizia dawa na mtungi wa maziwa kwa bei anayoiweza. Wekeni chai na nduma mezani, na mtu mmoja wa familia akae hapo bila kazi nyingine ila kusikiliza. Wazee watakuja wasinunue kitu. Watakuja kusema kwamba mama yenu aliwahi kuwalipia mtoto karo, au kwamba baba yenu alibeba mgonjwa kwa baiskeli yake mpaka hospitali usiku wa mvua. Warekodini kwa simu, kwa ruhusa yao.

Malipo yote yaingie katika akaunti ya mirathi iliyofunguliwa na wasimamizi, kamwe si kwenye simu ya mmoja wao. Fedha taslimu zipokewe na watu wawili, na kila mnunuzi apewe risiti kutoka kitabu chenye nakala. Ikifika saa kumi na moja jioni hesabuni mbele ya ndugu wote waliopo, watie sahihi.

Wanunuzi watauliza mambo ambayo hayauzwi siku hiyo. Watataka miti ya mikima iliyopandwa mpakani, mabati ya zizi, kahawa iliyo mtini. Miti na majengo ni sehemu ya shamba, na shamba linangoja uthibitisho wa korti. Wajibuni hivyo kwa upole, na msipokee hata malipo ya awali.

Vilivyobaki

Nguo za marehemu ningeshauri zisitundikwe uani mbele ya wanakijiji. Gawieni jamaa waliozitaka, na zilizobaki zipelekeni nyumba ya watoto au ya wazee mbali kidogo, zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi. Kiti cha magurudumu, magongo na kitanda cha mgonjwa vina kazi katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kerugoya au katika zahanati iliyo karibu nanyi. Dawa zilizobaki zirudishwe kwa mfamasia. Hata jirani mwenye ugonjwa ule ule asipewe. Vyuma vilivyochakaa viuzwe kwa mnunuzi mwenye leseni chini ya sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, kwa risiti, kwa kuwa kifaa cha wizi kikikutwa katika lundo lake siku moja, swali litarudi kwenu.

Ndani ya miezi sita tangu hati ya usimamizi kutolewa, wasimamizi wanatakiwa kuwasilisha kortini orodha kamili ya mali na madeni, pamoja na hesabu ya kila kilichofanyika. Orodha ile ya wajukuu, kitabu cha risiti na taarifa ya benki ndivyo vitakavyoijaza. Tengenezeni nakala za kutosha: moja ya faili la korti, na moja kwa kila mtoto, mabinti pia, kila moja ikiwa na sahihi za wasimamizi wote.